Kujiundia kompyuta ya gemu ukiwa Mbeya, Iringa au Njombe: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nianze kuchagua kipi: prosesa, kadi ya picha au mazabodi (bodi kuu inayounganisha vifaa vyote)?

Anza na skrini. Skrini ndiyo inayoamua kadi ya picha ibebe mzigo kiasi gani, na kadi ndiyo inayoamua pawasaplai (kifaa kinacholisha mashine umeme) iwe ya wati ngapi. Wengi inawatosha skrini ya inchi 24 ya 1080p, yaani nukta 1920 kwa 1080. Kama ni ya 60Hz, itakuonyesha picha 60 kwa sekunde basi. Kadi yenye uwezo wa kutoa 150 utakuwa umeilipia bila kuifaidi. Ukitaka kadi kubwa, panga na hela ya skrini ya 144Hz au zaidi.

Halafu andika gemu unazocheza kweli, siyo unazoota kuzicheza. eFootball na GTA V hazidai mashine ya kutisha. Gemu mpya za ulimwengu mpana wenye misitu na mvua ndizo zinazokula kadi.

Kwenye kugawa fedha, skrini na kibodi zikiwa kando, tunapendelea hivi: kati ya kila shilingi 100, shilingi 35 hadi 40 ziende kwenye kadi ya picha, 20 hivi kwenye prosesa, 10 hadi 12 kwenye pawasaplai. Mazabodi, RAM (kumbukumbu ya kazi), SSD (hifadhi ya mafaili) na kasha vigawane kinachobaki. Mashine nyingi zinazoletwa kwa fundi huwa zimefanya kinyume: kasha la kioo lenye feni sita za taa, na ndani yake pawasaplai ya bure iliyokuja na kasha hilohilo.

Mbona mnaikazania sana pawasaplai?

Kwa sababu ikifa vibaya haifi peke yake. Inaondoka na mazabodi, wakati mwingine na kadi. Na ukiwa Makambako au Tukuyu, kifaa cha kubadilisha kinatoka Dar es Salaam, kwa hiyo hasara ni fedha pamoja na siku za kusubiri basi.

Usisome maandishi makubwa ya kwenye boksi. Geuza pawasaplai yenyewe, tafuta kibandiko chenye jedwali, angalia safu ya +12V. Humo ndimo prosesa na kadi zinamopata karibu chakula chao chote. Zidisha ampia kwa 12: ikiandikwa 45A ni wati 540, na hiyo ni pawasaplai halali ya wati 550. Ikiandikwa 18A huku boksi linajitangaza wati 500, una wati 216 tu za maana. Zilizobaki ni wino. Nyanyua pia kwa mkono: nyepesi kupita kiasi ina koili ndogo na hitisinki (bati la kupoza) nyembamba. Alama ya 80 Plus inahusu umeme unaopotea kuwa joto, siyo uimara, ingawa isiyo na alama yoyote tusingeiweka kwenye mashine yenye kadi ya picha.

Kuhusu ukubwa: kadi ya RX 6600 inakula wati 132, RTX 4060 wati 115, RTX 3060 wati 170. Prosesa ya wati 65 inaweza kuvuta 80 au zaidi ikibanwa. Zile za Intel kama Core i5-12400F zinaruhusiwa kufika 117. Ongeza wati 50 za feni, diski na mazabodi. Jumla haifiki 350, kwa hiyo pawasaplai nzuri ya wati 550 inatosha na nafasi inabaki. Ya wati 850 kwa mashine ya namna hii ni kumnufaisha muuzaji.

Mambo mawili yanayounguza kila mwaka. Kwanza, pawasaplai za zamani zina swichi ndogo nyekundu nyuma, ya 115 na 230. Mtumba kutoka Marekani unakuja umewekwa 115. Ukiuchomeka kwenye umeme wetu wa volti 230 utasikia mlio na kunusa harufu, basi. Pili, nyaya za pawasaplai ya kuchomoa nyaya usizihamishie kwenye pawasaplai nyingine, hata kama plagi inaingia. Mpangilio wa pini upande wa pawasaplai haufanani kati ya aina na aina, na volti 12 zinaweza kuishia mahali pa volti 5.

Umeme unakatika na kurudi kwa kishindo. Ninunue stabilaiza au UPS?

UPS, yaani kifaa chenye betri kinachoibeba mashine umeme ukikatika, na iwe yenye kurekebisha volti ndani yake. Stabilaiza peke yake inasaidia umeme ukishuka au kupanda taratibu, lakini ukikatika mashine inazima palepale, na ndipo Windows au gemu lililokuwa likijisasisha linapoharibika.

Soma wati, usisome VA. UPS ya 650VA mara nyingi inabeba wati 360 tu, na betri yake moja ndogo ya volti 12 itakupa dakika chache za kuhifadhi na kuzima. Hizo zinatosha, UPS si ya kumalizia mechi. Mashine na skrini zikifika wati 300, nenda 1000VA au 1200VA.

Kuna jambo wauzaji hawalisemi. UPS nyingi za bei ya chini, zikiwa kwenye betri, hutoa umeme wa ngazi-ngazi badala ya wimbi laini. Baadhi ya pawasaplai za kisasa huukataa na kuzima sekunde ileile UPS inapobadili. Kabla ya kulipa, omba ijaribiwe na mashine yako ikiwa inacheza gemu, kisha chomoa UPS ukutani. Tahadhari hiyohiyo iende kwa inveta ya sola: chagua ya wimbi safi.

Msimu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, radi za huku si za mchezo. Hakuna UPS wala ekstensheni yenye kinga itakayozuia radi iliyopiga karibu. Chomoa plagi ukutani, na usisahau waya wa intaneti unaotoka kwenye ruta. Mazabodi nyingi zimeungulia upande huo wakati plagi ya umeme ilikuwa imechomolewa vizuri.

Nikigusa kasha linanipiga shoti kidogo. Ni mbovu?

Kwa kawaida mashine ni nzima, nyumba ndiyo haina ethi (waya wa kupeleka umeme uliovuja ardhini). Ndani ya pawasaplai kuna kapasita ndogo zinazounganisha nyaya za umeme na bati la kasha ili kuchuja kelele za umeme. Ethi ikiwepo, umeme mdogo unaopita humo unashuka ardhini. Isipokuwepo, bati linabaki na karibu nusu ya volti za ukutani, ingawa mkondo wake ni mdogo sana. Unahisi mtekenyo, hasa ukiwa peku kwenye sakafu ya saruji.

Usizoee. Ukichomeka HDMI kati ya kompyuta isiyo na ethi na televisheni isiyo na ethi huku vyote vinawaka, tofauti hiyo ya volti inapita kwenye plagi ya HDMI na inaweza kuua tundu la kadi. Mwite fundi umeme aangalie kama fimbo ya ethi ipo na waya unafika kwenye soketi. Nyumba nyingi za kupanga fimbo ipo nje, waya umekatika njiani. Na usitumie adapta ya pini mbili kwenye plagi ya pini tatu, kwa sababu unakuwa umeikata ethi mwenyewe.

Prosesa gani inatosha kwa gemu?

Kori 6 (viini vya kufanyia kazi) zenye nyuzi 12 (thread, yaani kazi 12 kwa pamoja) ndipo tunapopendekeza wengi wasimame: Ryzen 5 5600 au Core i5-12400F. Fedha ikibana kabisa, Core i3-12100F ya kori 4 bado inacheza vizuri ukiwa na kadi ya wastani.

Soma herufi za mwisho. F kwa Intel maana yake haina picha ya ndani. Bila kadi ya picha, skrini haitaonyesha chochote. G kwa Ryzen, mfano 5600G, ina picha ya ndani yenye nguvu ya kuchezea gemu nyepesi, na ni njia nzuri ya kuanza huku unachanga hela ya kadi. X na K huvuta umeme zaidi, na nyingi huja bila feni. Ukichukua Intel za kizazi cha 13 au 14 zilizotumika, hasa i7 na i9, kuwa mwangalifu: zilikuwa na tatizo la kujiharibu kwa volti nyingi kupita kiasi, na Intel walitoa marekebisho kupitia BIOS (programu ya msingi ya mazabodi) mwaka 2024. Marekebisho yanazuia, hayaponyi prosesa iliyokwisha kuumia.

Nitajuaje mazabodi inakubaliana na prosesa?

Angalia soketi (mahali prosesa inapokaa), kisha aina ya RAM, kisha BIOS. Soketi ya AM4 inachukua Ryzen hadi familia ya 5000 na inatumia RAM ya DDR4. AM5, iliyotoka 2022, inachukua 7000 kwenda mbele na ni DDR5 tu. LGA1700 ya Intel inabeba kizazi cha 12 hadi 14, ila kila mazabodi ni ya DDR4 au ya DDR5, kwa hiyo isome kabla ya kununua RAM.

Mtego wa BIOS uko kwenye AM4. Mazabodi ya B450 iliyokaa dukani tangu zamani haitaitambua Ryzen 5 5600 mpaka BIOS isasishwe. Mwambie muuzaji asasishe kabla hujaondoka, au chagua yenye kitufe cha kusasishia BIOS kwa flashi bila prosesa. Usipofanya hivyo utakuwa na vifaa vizima vyote na skrini nyeusi.

Kadi ya picha iliyotumika ni salama?

Inaweza kuwa biashara nzuri kuliko zote, ukiipima. Kadi nyingi za mtumba zilichimba sarafu za kidijitali hadi Septemba 2022, Ethereum ilipoacha uchimbaji wa kadi. Kuchimba si hukumu ya kifo. Kinachochoka ni feni na pasta ya joto, na hivyo vinabadilishwa. Kinachotisha ni kadi iliyowahi kupashwa moto ili irudi kuwaka. Hiyo itacheza wiki mbili, ianze kutoa mistari.

Chomeka, fungua programu ya GPU-Z. Kadi feki zilizobandikwa jina jipya, mfano GTX 550 Ti ya zamani inayojiita GTX 1050 Ti, programu hiyo huandika wazi kuwa ni bandia. Ukiona RX 580, soma humo idadi ya sheda (vikokotozi vidogo vya kadi): kamili ina 2304, iliyopunguzwa ina 2048, na muuzaji atakuambia ni kitu kimoja. Kisha washa FurMark, programu ya kuibana kadi, dakika 15. Joto likipita nyuzi 90, picha ikimeta vidoadoa, au feni ikigugumia, shukuru na uirudishe. Angalia pia kama ina matundu ya kuchomekea skrini. P106-100 ilitengenezwa kwa uchimbaji na haina hata moja.

Kumbukumbu ya kadi iwe GB 8 au zaidi. RX 6500 XT ya GB 4 tunawashauri watu wa mazabodi za zamani waiache kabisa: inatumia njia 4 tu za PCIe (mawasiliano kati ya kadi na mazabodi), na kwenye PCIe 3.0 inakabwa koo. RX 6600 na RTX 4060 zina njia 8, hasara yake ni ndogo.

RAM kiasi gani, na kwa nini vipande viwili?

GB 16, vipande viwili vya 8. Kimoja kinatumia njia moja ya mawasiliano na prosesa, viwili vinatumia mbili, na kwenye prosesa zenye picha ya ndani tofauti ni kubwa mno. Mazabodi ikiwa na nafasi nne, weka ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Kisha ingia BIOS uwashe XMP au EXPO. Usipowasha, RAM ya 3200 inaweza kutembea 2133 maisha yake yote. RAM za seva zinazouzwa rahisi, zenye maandishi ya ECC Registered, haziwaki kwenye mazabodi za kawaida.

SSD ya namna gani?

NVMe (SSD ya kasi inayochomekwa moja kwa moja kwenye mazabodi) ya TB 1 kama unaweza. Gemu moja kubwa inapita GB 100. Ya PCIe 3.0 yenye kasi ya MB 3,500 kwa sekunde inatosha, hutaiona tofauti na ya MB 7,000 kwenye gemu nyingi. Umbo la M.2 (kijiti chembamba) peke yake lisikudanganye, kuna M.2 za SATA, njia ya zamani, zinazoishia MB 550. Ya bei ya kushangaza ijaze yote kwa programu ya H2testw kabla ya kuiamini, maana zipo za GB 64 zinazojiita TB 2.

Nina kompyuta ya ofisi, OptiPlex ya Dell au EliteDesk ya HP. Siwezi kuweka kadi tu?

Unaweza, na kwa mwanafunzi wa MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya) mwenye bajeti ndogo ndiyo njia tunayoipenda. Ila pima vitu vitatu.

Umbo kwanza. Kasha jembamba linaingiza kadi za kimo kifupi (low profile) tu. Kasha la mnara linapokea ya kawaida, mradi urefu uutazame. Pili, pawasaplai. Nyingi ni za wati 240 hadi 290 na hazina waya wa kadi, kwa hiyo chagua isiyohitaji waya, inayokula wati 75 za kwenye nafasi yake, kama matoleo ya GTX 1650 yasiyo na plagi. Usidhani utabadilisha pawasaplai kirahisi: OptiPlex 7020 na 9020 zinatumia plagi kuu ya pini 8 badala ya 24, na bila adapta ya kwake hakuna kitu.

Tatu ni umri. Msaada wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au zaidi pamoja na TPM 2.0 (chipu ya usalama). Gemu kama Valorant kwenye Windows 11 hukagua TPM na Secure Boot (ulinzi wa wakati wa kuwasha), zikikosekana huingii. Tofauti ya bei kati ya mashine yenye i5-4570 (kizazi cha 4) na yenye i5-8500 (kizazi cha 8) inajilipa hapo.

Huku ni baridi. Bado nahitaji feni nyingi?

Baridi inasaidia, mwinuko unapunguza. Mbeya mjini iko kwenye mita 1,700 hivi. Hewa ni nyepesi, na feni ileile inasukuma hewa yenye uzito pungufu kwa karibu moja ya sita ukilinganisha na pwani. Lakini chumba cha Uyole mwezi Julai na chumba cha Dar Januari vinaweza kupishana nyuzi 15, kwa hiyo bado unapata faida. Feni mbili mbele za kuvuta na moja nyuma ya kutoa zinatosha.

Adui mkubwa ni vumbi la kiangazi, Agosti hadi Oktoba. Chagua kasha lenye wavu wa mbele unaochomoka, usiliweke sakafuni, na ukisafisha kwa upepo shika panga la feni lisizunguke. Majivu ya jiko la mkaa nayo huganda kwenye hitisinki. Jiko na kompyuta visikae chumba kimoja, na usiku wewe mwenyewe usilale nalo ndani.

Hewa kavu na sweta la sufi vinazalisha umeme tuli. Pawasaplai ikiwa imechomekwa kwenye soketi yenye ethi lakini swichi yake imezimwa, gusa bati la kasha kabla ya kushika RAM au kadi. Mashine iliyosafiri usiku kwenye buti la basi iache saa moja au mbili chumbani kabla ya kuiwasha, umande ukauke.

Ninunue Kariakoo au hapahapa?

Kwa kadi, mazabodi na prosesa, Kariakoo kuna uchaguzi mpana. Kwa pawasaplai, RAM na SSD, ukipata kitu halali Mwanjelwa, Mbeya, au mjini Iringa, ongezeko la bei ni bei ya kuweza kukirudisha kwa miguu. Popote pale, dai risiti ya EFD yenye namba ya kifaa na muda wa waranti.

Mzigo ukija kwa basi, kadi isisafiri ikiwa imechomekwa. Matuta na kona za Kitonga zinaining'iniza mpaka nafasi yake inapasuka. Iwekwe kwenye mfuko wake wa kuzuia umeme tuli, kioo cha kasha kifunguliwe na kufungwa peke yake, hitisinki kubwa ya mnara itolewe. Fungua boksi mbele ya mhudumu wa mizigo kabla ya kusaini.

Nimeunganisha, feni zinazunguka, skrini nyeusi. Nifanye nini?

Waya wa skrini uko wapi? Uchomeke kwenye kadi ya picha, siyo kwenye mazabodi. Hilo peke yake linamaliza kesi nyingi. Kisha angalia plagi ya pini 8 ya prosesa juu kushoto mwa mazabodi, ambayo husahaulika kwa kuwa ile ya pini 24 inaonekana zaidi. Toa RAM, acha kipande kimoja, kisukume mpaka kibane kwa mlio. Mazabodi nyingi zina taa nne ndogo za CPU, DRAM, VGA na BOOT. Inayobaki inawaka ndiyo inayokutajia mgonjwa.

Kama ni AM5 na DDR5, usiwe na haraka. Mara ya kwanza inajipima RAM na inaweza kukaa kimya dakika kadhaa. Ukiizima katikati inaanza upya.

Ikiwaka halafu ikazima baada ya sekunde chache, fungua hitisinki uone kama karatasi ya plastiki ya chini yake ulikumbuka kuibandua. Kwenye AM4, kabla ya kuing'oa hitisinki asubuhi ya baridi, kama mashine inakubali kuwaka iache dakika 10 pasta ilainike, izime, kisha zungusha kushoto na kulia ndipo unyanyue. Ukivuta wima, prosesa inatoka nayo na pini zinapinda.

Itakula LUKU kiasi gani?

Mashine ya wati 270 na skrini ya wati 30, saa 4 kila siku, ni uniti 1.2 kwa siku na 36 kwa mwezi. Zidisha kwa bei ya uniti kwenye risiti yako. Kama nyumba iko kwenye kundi la matumizi madogo lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, gemu peke yake itachukua karibu nusu, na ukipita kikomo unahamishiwa bei ya juu. Punguza kwa kufunga picha zisizidi 60 kwa sekunde kwenye mipangilio ya kadi: kwenye gemu nyepesi, matumizi ya kadi yanaweza kushuka hadi nusu.